Nyumba Tupu, Mwenyewe Yupo: Somo kuhusu Majengo Yaliyotelekezwa

Mkaazi anayetembea kutoka Shella, akapita mji wa kale wa Malindi hadi Silversands na Casuarina, atakutana na majengo ya namna tatu yasiyo na watu. La kwanza ni nyumba ya mawe ya kale, dari imeanguka na mti umeota ukutani. La pili ni hoteli au jumba la kifahari lililofungwa miaka iliyopita, makuti yamechanika na bwawa la kuogelea limejaa maji ya mvua. La tatu ni jengo lililoishia ghorofa ya kwanza, nondo zimechomoza juu zikiota kutu. Hali ni hiyo hiyo Watamu, Kilifi mjini na Mtwapa.

Wengi wetu hupita tukisema, "Hiyo ni mali ya mtu, tutafanyaje?" Swali ni zuri, na somo hili linalijibu. Tutaeleza jengo lililotelekezwa ni lipi, linavyomdhuru jirani, sheria inasemaje, na hatua za kufuata. Wenye majengo nao wana sehemu yao, kwa sababu mara nyingi hasara kubwa huwa ni yao.

1. Nyumba tupu si kosa

Tuanze kwa kutofautisha mambo mawili. Nyumba tupu ni nyumba isiyokaliwa. Huenda mwenyewe anafanya kazi Mombasa au ng'ambo, huja likizo tu, au anatafuta mpangaji. Maadamu paa ni zima, ua umefyekwa na milango imefungwa, hakuna kosa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 40, inalinda haki ya kila mtu kumiliki mali, na haisemi kwamba lazima mali hiyo ikaliwe.

Jengo lililotelekezwa ni lile ambalo hali yake imeanza kuwa hatari au kero kwa wengine. Dalili zake ni kama hizi:

- ukuta umepinda, umepasuka au unamwaga mawe njiani;
- paa au dari imeanguka, au makuti makavu yametawanyika;
- maji yametuama kwenye bwawa, tangi, kisima au shimo la choo lisilofunikwa;
- kichaka na taka zimejaa uani, na nyoka na panya wamepata makao;
- milango imeng'olewa na kila mtu anaingia atakavyo.

Si lazima dalili zote ziwepo. Ukuta mmoja unaoinamia njia ya watoto wa madrasa unatosha kuripotiwa.

2. Kwa nini majengo huachwa?

Tukidhani kila mwenye gofu ni mzembe, tutakosea dawa. Sababu ni nyingi, na nne kati yake zinajulikana sana Pwani.

Ya kwanza ni utalii. Malindi imekuwa na hoteli za watalii tangu miaka ya 1930, na uchumi wake ukaegemea wageni. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliwafukuza wageni. Mashambulizi ya kigaidi na ilani za nchi za Ulaya kwa raia wao, hasa mwaka 2013 na 2014, yakaongeza pigo. Hoteli zilizofungwa "kwa msimu mmoja" nyingine hazikufunguliwa tena.

Ya pili ni mirathi. Babu alijenga nyumba na kuacha watoto wanane. Leo warithi ni thelathini, wengine wako Lamu, Mombasa, Unguja na Uarabuni. Kila mmoja ana fungu, lakini hakuna mwenye mamlaka ya kuleta fundi wala kutia saini mkataba wa kupangisha. Nyumba inaoza huku jamaa wakisubiriana.

Ya tatu ni ule utaratibu wetu wa Pwani wa nyumba bila ardhi, ambapo nyumba ni ya mtu mmoja na kiwanja ni cha mwingine. Mwenye nyumba anaogopa kutengeneza asije akaambiwa ahame. Mwenye ardhi naye hana sababu ya kutengeneza nyumba isiyokuwa yake.

Ya nne ni fedha. Mtu alianza ghorofa kwa mkopo au kwa akiba ya ajira, kazi ikaisha, na jengo likasimama hapo.

Hakuna hata sababu moja kati ya hizi inayomwondolea mwenye jengo wajibu wa kulifanya lisidhuru watu. Ila kila moja ina njia yake ya kutatuliwa, kama tutakavyoona katika sehemu ya saba.

3. Jengo hufa vipi?

Nyumba za kale za Pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Nyumba ya namna hiyo inaweza kudumu zaidi ya miaka mia moja, kwa sharti moja: maji yasiingie ndani ya ukuta. Adui wa kwanza ni paa linalovuja. Maji yakishuka ndani ya ukuta, chokaa inayoshika mawe hulainika na kutoka kidogo kidogo. Ncha za boriti zilizozama ukutani huoza kabla ya sehemu inayoonekana, na mchwa humalizia. Dari ikianguka, kuta zinapoteza kitu kilichokuwa kikizishikanisha. Ndege huleta mbegu za mikuyu, mizizi ikaingia kwenye nyufa na kuzipanua. Hapo ukuta unangoja masika tu.

Ndiyo maana wazee walipaka chokaa kila baada ya muda. Haikuwa mapambo peke yake. Kupaka saruji juu ya ukuta wa matumbawe, kama wengi wafanyavyo leo, mara nyingi huongeza ubaya, maana saruji hufungia unyevu ndani badala ya kuuacha utoke.

Jengo la saruji nalo lina ugonjwa wake. Hewa ya bahari ina chumvi, na mchanga wa ufuoni usiooshwa una chumvi zaidi. Chumvi ikifikia nondo, nondo hushika kutu na kuvimba, kisha hupasua saruji kutoka ndani. Ukiona saruji inabanduka kwenye nguzo na nondo nyekundu zimeonekana, jengo hilo limeshaanza kudhoofika hata kama bado limesimama wima.

Kinyume chake tunacho hapa hapa mjini. Nyumba ya Nguzo iliyo karibu na bahari ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19. Imewahi kuwa hospitali, ikawa ofisi, na leo ni makavazi yanayotembelewa na wanafunzi na wageni. Jengo lenye kazi hupata mtu wa kuziba bomba, kupaka chokaa na kukagua paa.

4. Jirani anadhurika vipi?

*Mbu.* Hapa Malindi tuna ushahidi wa kisayansi. Watafiti walichunguza vyanzo vya mbu mjini mwaka 2001 na 2002. Walikuta kwamba madimbwi ya nyayo za magari na mabwawa ya kuogelea yasiyotumika, kwa pamoja, yalikuwa zaidi ya nusu ya maji yote yenye viluwiluwi vya mbu wa anofelesi, anayeeneza malaria. Bwawa linalotumika hutiwa dawa, lililoachwa huwa shamba la mbu. Mbu wa homa ya dengi na chikungunya yeye hutaka maji kidogo tu, kama yaliyobaki kwenye tangi, tairi, ndoo au sinki la choo, naye huuma mchana. Nyumba moja iliyoachwa inaweza kuulisha mtaa mzima mbu, hata kama majirani wote wanalala ndani ya vyandarua. Kikundi cha Punguza Mbu Malindi kimefanya kazi ya kuelimisha na kuharibu mazalia kwa miaka mingi, lakini kikundi cha wakaazi hakiwezi kuruka ukuta wa ploti iliyofungwa bila idhini.

*Kuanguka.* Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib mjini Unguja iliporomoka na kuua watu wawili. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 enzi za Sultan Barghash, na lilikuwa limefungwa kwa wageni kwa miaka kadhaa kwa sababu ya ubovu. Lilianguka kazi ya kulikarabati ikiwa tayari imeanza. Ikiwa jumba mashuhuri namna hiyo, lililo katikati ya mji unaotambuliwa na UNESCO, liliweza kuchelewa, nyumba isiyo na mtu wa kuiulizia ina hatari zaidi.

*Moto.* Makuti makavu hushika moto upesi, na upepo wa kaskazi au kusi hurusha cheche hadi paa la jirani. Jengo tupu halina mtu wa kuuona moto ukianza.

*Usalama.* Gofu huwa mahali pa kufichia mali ya wizi na maskani ya watumizi wa mihadarati. Watoto nao hucheza humo, na kisima kisichofunikwa hakionekani kwenye kichaka.

5. Sheria inasemaje?

Katiba ina vifungu vitatu vya kusomwa pamoja. Kifungu cha 40 kinalinda mali ya mtu. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 47 kinamtaka mtumishi wa umma afuate utaratibu wa haki kabla ya kuchukua hatua. Kwa hiyo jirani ana haki, mwenye jengo ana haki, na ofisi ya kaunti inafungwa na utaratibu. Jedwali la Nne la Katiba ndilo linalozipa kaunti kazi ya afya ya kaunti, udhibiti wa kero za umma, mipango na nyumba, pamoja na zimamoto na kukabiliana na majanga.

*Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242.* Hii ndiyo njia ya kwanza kwa majengo mengi. Kifungu cha 115 kinakataza mtu kusababisha au kuacha kero inayodhuru afya kwenye ardhi au jengo lake. Kifungu cha 118 kinataja kero zenyewe, na miongoni mwake ni jengo ambalo hali yake ni hatari kwa afya. Maji yanayozalisha mbu pia yanahesabiwa kuwa kero. Afisa wa afya ya umma, yule tuliyezoea kumwita bwana afya, anaweza kutoa notisi chini ya Kifungu cha 119 kumtaka mhusika aondoe kero ndani ya muda uliotajwa. Asipotii, shauri hupelekwa mbele ya hakimu, naye hakimu ndiye anayetoa amri.

*Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019.* Hii inahusu zaidi majengo yaliyoachwa katikati ya ujenzi, yaliyojengwa bila kibali, au yaliyokiuka masharti ya kibali. Kifungu cha 57 kinataka kibali cha kaunti kabla ya ujenzi wowote. Kifungu cha 72 kinaruhusu kaunti kutoa notisi ya utekelezaji. Aliyepewa notisi hiyo na hakubaliani nayo ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uratibu ya mipango ya kaunti. Asiporidhika huko, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo Malindi.

*Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006.* Ikiwa jengo limetangazwa kuwa turathi, hakuna ruhusa ya kulibomoa wala kulibadilisha bila idhini ya Makavazi ya Kitaifa. Kabla ya kugusa nyumba yoyote ya kale, uliza ofisi ya makavazi Malindi kama imo kwenye orodha. Mji wa kale wa Gedi, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, unatukumbusha thamani ya mawe haya. Magofu ya Gedi yanatunzwa na kulindwa, tofauti na gofu la mtaani ambalo halina mtu wa kulitazama.

6. Hatua za mkaazi

Tuchukue mfano wa kubuni. Jirani ana nyumba iliyofungwa miaka sita. Ukuta wa upande wa njia umepasuka, na ndani kuna tangi la maji lililo wazi. Wewe na majirani mfanye nini?

Kwanza, muulizeni mwenyewe. Mara nyingi mzee wa mtaa, imamu au jamaa wa karibu anajua mwenye nyumba yuko wapi. Ujumbe wa heshima, pamoja na picha, huweza kumaliza jambo bila notisi. Wengi wenye majengo walio mbali hawajui hali ilivyo.

Pili, andikeni mnachokiona. Wekeni tarehe, mtaa, alama ya karibu, namba ya ploti kama inajulikana, na hatari yenyewe. Pigeni picha mkiwa njiani, bila kuingia ndani ya jengo.

Tatu, pelekeni taarifa panapofaa. Maji, taka, choo na kichaka ni kazi ya afisa wa afya ya umma wa wadi au kaunti ndogo. Ufa, ujenzi uliosimama na kibali ni kazi ya idara ya ardhi na mipango ya miji. Ndani ya mji, ofisi ya manispaa pia hupokea taarifa. Hamjui pa kuanzia? Nendeni kwa msimamizi wa wadi. Ukuta unaoelekea kuanguka sasa hivi ni dharura: waondoeni watu, zuieni njia, na waiteni zimamoto na polisi.

Nne, ombeni nakala iliyopigwa muhuri. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni vigumu kuifuatilia. Mfano wa barua ni huu:

> Kwa Afisa wa Afya ya Umma, Wadi ya ________
> Tarehe: ________
>
> KUH: JENGO HATARI KATIKA MTAA WA ________
>
> Sisi wakaazi tuliotia saini hapa chini tunaripoti jengo lisilokaliwa lililo karibu na ________. Tangu mwezi wa ________ tumeona yafuatayo: (1) ________ (2) ________. Jengo liko hatua ________ kutoka njia inayotumiwa na ________.
>
> Tunaomba jengo likaguliwe, na tujulishwe kwa maandishi hatua itakayochukuliwa. Tumeambatisha picha ________.
>
> Majina, saini na namba za simu.

Tano, fuatilieni. Notisi ikitolewa, kazi ndiyo kwanza imeanza. Jengo la Huruma, Nairobi, lililoanguka Aprili 2016 na kuua zaidi ya watu 50, lilikuwa limeshaorodheshwa kubomolewa, lakini watu waliendelea kuishi humo. Baada ya wiki mbili au tatu, rudini na nakala yenu mwulize ukaguzi ulifanyika lini, notisi ina muda gani, na muda ukiisha shauri litapelekwa mahakamani lini.

Sita, kama hakuna jibu, kila mkaazi ana haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kifungu cha 70 cha Katiba pia kinamruhusu mtu kwenda mahakamani pale haki yake ya mazingira safi inapovunjwa.

Na kama mwenyewe hajulikani? Mtu yeyote anaweza kuomba taarifa za kipande cha ardhi katika masjala ya ardhi, kwa kutumia namba ya kipande hicho na kulipa ada. Jina litakalopatikana ndilo la kupelekewa notisi.

7. Kama jengo ni lako

Gharama ya kulinda jengo tupu ni ndogo kuliko ya kulijenga upya, na ni ndogo zaidi kuliko fidia ya mtu aliyeangukiwa na ukuta. Kila mwaka kabla ya masika, yaani mwezi wa Februari hadi mapema Machi, fanya au agiza haya:

- kagua paa na uzibe panapovuja, hata kwa bati la muda;
- ng'oa miche yote iliyoota ukutani ingali midogo;
- toa maji yote kwenye bwawa, tangi na madumu, na ufunike kisima na shimo la choo;
- fyeka ua na uondoe taka na makuti makavu;
- kata umeme na maji usiyoyatumia;
- funga madirisha na milango, na uache upenyo mdogo wa hewa;
- weka mtu wa karibu, kwa makubaliano ya maandishi, na umjulishe mzee wa mtaa namba yake.

*Nyumba ya mirathi.* Warithi wakutane wamteue msimamizi wa mirathi atakayetambuliwa na mahakama. Kwa Waislamu wanaokubali mamlaka yake, Mahakama ya Kadhi inashughulikia mirathi. Wengine huenda mahakama za kawaida chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Msimamizi akishapatikana, kuna mtu wa kutia saini, wa kupokea notisi na wa kupangisha. Kodi ya vyumba viwili vya mbele inaweza kulipia paa la nyumba nzima. Ikiwa nyumba ni ya wakfu, mambo yake yapelekwe kwa Tume ya Wakfu.

*Nyumba bila ardhi.* Andikianeni makubaliano kabla ya ukarabati: nani anatengeneza, kwa gharama ya nani, na fidia itakuwaje nyumba ikiondoka. Karatasi moja iliyoshuhudiwa imeokoa nyumba nyingi na undugu mwingi.

*Mwenye nyumba aliye ng'ambo.* Mtu asiye raia wa Kenya anamiliki ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99, na ukodishaji una masharti. Mwachie wakili au wakala uwezo wa kupokea barua na kulipia matengenezo ya dharura. Kutokuwepo kwako hakuizuii notisi.

*Kodi ya ardhi ya kaunti.* Jengo tupu halisamehewi kodi hii. Deni likikua huzuia uuzaji, kwa kuwa uhamishaji wa ardhi huhitaji cheti kwamba hakuna deni. Mtu anayetaka kuuza gofu ili ajitoe kwenye tatizo hugundua hapo kwamba amechelewa.

*Kubomoa.* Kubomoa ni kazi ya kitaalamu, na ukuta wa pamoja unaweza kuvuta nyumba ya jirani. Mwone afisa wa mipango kwanza kuhusu kibali.

8. Mambo matatu ya kujihadhari

Jirani asibomoe wala kuchukua mawe, milango au boriti. Huo ni uharibifu au wizi, hata kama nyumba inaonekana haina mwenyewe. Mlango wa nakshi unaouzwa kwa siri ni sehemu ya historia ya mtaa wenu.

Msiwashambulie watu wanaolala ndani. Wengine ni wagonjwa wa uraibu, wengine hawana pa kwenda. Sheria ya Ardhi inataka notisi ya miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu waliokalia ardhi ya mtu binafsi bila idhini, nao wana haki ya kwenda mahakamani. Pale jengo linapotishia kuanguka, kuwatoa ni kuokoa maisha, lakini kazi hiyo ifanywe na maafisa.

Taarifa isitumike kama silaha ya ugomvi. Anayeripoti jengo zima kwa sababu ya kesi ya mpaka huchelewesha ukaguzi wa jengo lenye hatari ya kweli.

9. Wenzetu wanafanyaje?

Ireland ina Sheria ya Maeneo Yaliyotelekezwa ya 1990. Halmashauri huweka daftari la majengo hayo, na mwenye jengo lililo katika daftari hutozwa kila mwaka asilimia 7 ya thamani yake sokoni. Miji mingi ya Marekani humtaka mwenye jengo tupu alisajili na kutoa jina la mtu wa kupigiwa simu. Karibu nasi, Mji Mkongwe wa Zanzibar umekuwa na mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na Mji wa Kale wa Mombasa una ofisi yake ya uhifadhi.

Njia hizo tunazitaja ili wakaazi wapate la kufikiria. Daftari la majengo hatari kwa kila wadi, au punguzo la kodi kwa anayekarabati nyumba ya kale, ni mapendekezo ambayo mkaazi anaweza kuyatoa kwenye mikutano ya kukusanya maoni kuhusu sheria na bajeti za kaunti. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi.

10. Maswali ya kujadili barazani

1. Katika mtaa wenu, ni jengo gani tupu ambalo halina kosa, na ni lipi lililotelekezwa? Tofauti yake ni ipi?
2. Bwawa la kuogelea la hoteli iliyofungwa limejaa maji ya kijani. Taarifa inapelekwa ofisi gani, na chini ya sheria gani?
3. Warithi kumi na wawili wana nyumba moja ya mawe inayovuja. Hatua yao ya kwanza iwe ipi kabla ya kumwita fundi?
4. Mmepeleka barua na hakuna aliyekuja kukagua. Mna njia gani mbili zilizobaki?
5. Mwenye jengo amepokea notisi ya utekelezaji na anaona ameonewa. Ana siku ngapi za kukata rufaa?

Majibu yote yamo katika somo hili. Msomeeni jirani asiyeona vizuri au asiyesoma, na kabla masika hayajaanza, zungukeni mtaa wenu mara moja na daftari mkononi.